Mpaka Karanga Ziingie Ghalani

Novemba 4, 1948

Mvua ya kwanza imenyesha. Si nyingi, ya kulaza vumbi tu. Gerhard ndiye aliyekuwa akiandika mambo haya: mvua, upepo, ng'ombe yupi amezaa. Mwezi wa Septemba mti ulimwangukia akisafisha msitu, na tangu siku ile hapajaandikwa kitu. Leo nimechukua kalamu mimi. Mvua haina habari kwamba amekufa. Itaendelea kunyesha, na lazima mtu aandike.

Novemba 6

Baraza la kijiji limenichagulia mlezi, kama desturi yetu ilivyo kwa kila mjane. Wamempa kazi hiyo Heinrich Siemens, jirani wa ng'ambo ya barabara. Alikuja baada ya chakula cha mchana, akavua kofia, akakaa ukingoni mwa kiti kama mtu anayesubiri kuitwa kwa daktari.

"Dada Harder," akaanza, "shamba hili ni kubwa kwa mwanamke peke yake."

"Siko peke yangu, Ndugu Siemens. Nina mama mkwe, nina Greta."

"Mama mkwe wako ni mzee. Greta ana miaka kumi na minne."

"Na maksai wanne. Hao umewasahau."

Hakucheka. Mtu huyu hacheki. Akaniambia walivyopanga barazani: shamba lipewe mwanamume wa kulilima. Greta akakae kwa shemeji yangu Franz, mwendo wa siku mbili kwa mkokoteni. Liesbeth, ambaye bado analala akishika sikio langu, aende kwa binamu za Gerhard upande wa mashariki. Mimi nibaki na Jasch mdogo, pamoja na mama mkwe, katika chumba cha nyumba ya watu.

"Ni kwa muda tu," akasema.

Nikamwambia nitalima mwenyewe. Akasema haiwezekani. Nikamwambia tena. Tulirudiana hivyo mpaka mate, chai ya majani tunayoinywa huku, ikapoa na kuwa chungu kibuyuni. Mwishowe akasimama, akasema atawaomba barazani wanipe msimu huu mmoja: karanga zote zikiingia ghalani kabla ya baridi ya Juni, watoto wanabaki. Zisipoingia, baraza litafanya lililoamua.

"Na nani atakayepima?" nikamuuliza.

"Mimi ndiye mlezi."

Mama mkwe alikuwa kwenye kona akimenya mihogo. Hakusema neno hata moja. Alimenya tu, maganda yakianguka marefu, bila kukatika. Mwanawe ana miezi miwili kaburini, wajukuu wake wanagawanywa kama vifaranga, naye anamenya mihogo.

Novemba 9

Tumelima tangu alfajiri, mimi kwenye plau, Greta mbele ya maksai. Mikono imepasuka.

Novemba 10

Tumelima.

Novemba 11

Tumelima. Mama mkwe ameleta chakula shambani, akatazama mistari yangu, akasema, "Gerhard alikuwa akilima moja kwa moja." Nikamwambia karanga haziogopi kona. Akaweka chungu chini, akaondoka.

Novemba 20

Karanga zote ziko ardhini. Pamba kidogo, mtama kidogo. Nimeitwa kwa akina Penner, mtoto wa kike, salama, mama naye salama. Kijiji kizima kinaniamini niwazalishe wake zao. Kulima karanga ndiko wanakoniona siwezi.

Desemba 2

Zimeota! Liesbeth amekimbia kutoka shambani bila viatu, anapiga kelele kana kwamba Krismasi imefika.

Desemba 13

Nzige.

Walitokea kaskazini saa za mchana, na kwanza nilidhani ni moshi. Kisha jua likawa la rangi ya shaba, na sauti ikaja, sauti ya mvua isiyo na maji. Tulitoka wote na sufuria, masinia, mabati, kila kitu kinachopiga kelele. Jasch nilimfunga mgongoni. Tulipita huku na huku kati ya mistari tukigonga na kupiga mayowe, nao wanaruka mbele yetu na kutua nyuma yetu. Walitua kichwani, wakaingia kwenye nguo. Greta alikuwa analia na kugonga, analia na kugonga.

Nilipogeuka nilimwona mama mkwe mwisho wa shamba. Amevaa nguo yake nyeusi ya kanisani, sijui kwa nini, na anapiga mfuniko wa pipa kwa mchi, hana haraka, kama mtu anayetwanga. Alikuwa akiwatukana nzige. Mwanamke huyu ambaye hajawahi kusema hata "shenzi" mbele yangu alikuwa akiwataja nzige kwa majina ambayo sitayaandika.

Wameondoka jioni. Pamba imekwisha. Mtama umekwisha. Karanga zimebaki vijiti.

Siemens alikuja uani, uso umejaa vumbi. Kwake pia wamekula. Alitazama shamba langu muda mrefu.

"Basi, Dada Harder," akasema.

"Basi nini?"

"Labda hii ni ishara."

"Kama ni ishara, Ndugu Siemens, imekuja na kwako. Mke wako umempangia aende kukaa kwa nani?"

Nilijuta maneno yale hata kabla hayajatoka yote, maana mkewe Helene ni mjamzito na hana kosa. Lakini yalitoka. Akavaa kofia yake akaenda.

Desemba 14

Nimechimba miche kadhaa kwa kidole. Mizizi ni mizima. Karanga si pamba, moyo wake uko chini.

Desemba 25

Sikukuu. Greta amewasomea wadogo zake habari za Bethlehemu. Bakuli la kila mtoto lilikuwa na karanga za kukaanga na kitumbua kimoja cha asali. Majani mapya yametoka, madogo kama sikio la panya. Siku nzima niliwaza majani hayo tu, Bwana anisamehe.

Januari 5

Upepo wa kaskazini. Hakuna mvua.

Januari 6

Upepo wa kaskazini.

Januari 8

Upepo wa kaskazini. Siemens alikuja tena, kama kila Jumamosi, akasimama uzioni mikono nyuma akitazama shamba langu. Anaangalia kama mwewe anavyoangalia vifaranga. Sikumpa salamu. Na yeye hakunipa.

Januari 11

Kisima chetu kimegeuka. Asubuhi Liesbeth alitema maji akasema, "Mama, nani ametia chumvi?" Hakuna aliyetia. Ndivyo ilivyo huku Chaco, nchi kavu tuliyohamia kutoka Urusi, mvua ikichelewa: maji matamu yanakwisha, ya chumvi yanapanda kutoka chini. Ng'ombe wanakunywa wakikunja pua. Sisi hatuwezi.

Januari 12

Nimekwenda na ndoo hadi kisima cha akina Penner, mwisho wa kijiji. Jua kali sana. Nikiwa njiani kurudi, Siemens alisimama langoni kwake.

"Unapita kisima changu kwenda kuchota cha mbali?"

"Sipendi kumsumbua mtu."

Akatazama ndoo zangu, akatazama barabara. "Maji ni ya Mungu," akasema. "Kamba ndiyo yangu. Usiikate tu."

Sikujua kama ule ulikuwa mzaha. Nilimtazama usoni, hakuna kitu. Kesho nitachota kwake, si kwa ajili yangu, kwa ajili ya Jasch.

Januari 16, Jumapili

Leo nimeposwa.

Bernhard Töws, mjane wa kiume kutoka kijiji cha pili, alifika baada ya ibada na tikiti maji kubwa kama ndama. Nikakaanga maandazi, tukakaa kivulini kwenye kibaraza cha nyumba, tukala maandazi na tikiti kama ilivyo kawaida Jumapili ya joto. Nikadhani amekuja kutoa pole. Kumbe.

"Dada Harder," akasema, mbegu ya tikiti imemganda kwenye ndevu, "mimi nina watoto saba."

"Najua, Ndugu Töws. Wawili nimewazalisha mimi."

"Na wewe una watatu."

"Naam."

"Saba na tatu ni kumi," akasema, kana kwamba hesabu ile peke yake ingenivuta.

Greta alikimbilia jikoni kucheka. Mimi nilijibana. Nikamwambia kwa upole kwamba Gerhard hajatimiza hata nusu mwaka, na kwamba mikono yangu imejaa. Alikubali vizuri, maskini, akaomba andazi lingine. Alipokwisha kupanda mkokoteni wake, mama mkwe akasema kwa sauti ambayo lazima aliisikia:

"Anatafuta mke au anatafuta punda?"

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nikamwangalia mama mkwe, na yeye mabega yalikuwa yanatikisika. Hii ni mara ya kwanza tumecheka pamoja tangu niolewe katika nyumba hii.

Januari 27

Upepo wa kaskazini. Karanga zimeanza kunyauka mchana, zinainuka kidogo jioni.

Februari 3

Upepo wa kaskazini. Maksai mmoja, Bruno, amelala asubuhi, hakuinuka. Tumebaki na watatu.

Februari 8

Palizi. Greta ana homa, kwa hiyo nilikwenda peke yangu. Nikashangaa kumwona mama mkwe anakuja na jembe begani. Nikamwambia, "Mama, rudi kivulini, jua hili litakuangusha." Akajibu kwamba jua la hapa analijua kuliko mimi, akachukua mstari wa pembeni yangu.

Anapalilia vizuri, jembe linapita chini kwa chini bila kugusa mzizi. Kisha, bila kuinua kichwa, akasema:

"Neta alikuwa na miaka sita."

Sikujua Neta ni nani. Nikaendelea na jembe nikisubiri.

"Dada yake Gerhard," akasema. "Mume wangu alipouawa kule Urusi, mwaka ule wa njaa, walinichagulia walezi wawili. Watu wema. Wakaja, wakakaa mezani pangu. Watoto wanne, wakawapeleka kwa ndugu wanne. Wakasema ni kwa muda tu."

"Nawe ulisema nini, Mama?"

"Nilisema asante." Akapiga magugu. "Gerhard alirudi kwangu. Franz alirudi. Mmoja alikufa kwa homa kwa watu. Neta alipelekwa na ami yake Siberia. Mwaka ule tulipopata nafasi ya kutoka, hapakuwa na wakati wa kumfuata. Sasa ana miaka thelathini na kitu, kama yuko hai. Sijui kama anajua Kijerumani bado."

Jua lilikuwa kali hata jembe likachoma mkono. Nilitaka kumshika bega lakini yeye si mtu wa kushikwa.

"Siku ile Siemens alipokuja," nikasema mwishowe, "hukusema neno."

"Nilikuwa nasikiliza utakalosema wewe," akajibu. "Kama ungesema asante, ningekurushia kile kisu."

Kisha akaniambia mstari wangu umepinda, niutazame.

Februari 11

MVUA. Tangu alfajiri mpaka jioni, ya moja kwa moja, upole. Liesbeth na Jasch wamekaa uchi kwenye dimbwi kama bata. Mama mkwe ameweka nje kila chombo tulicho nacho, hata beseni la kunyolea la Gerhard.

Februari 19

Karanga zimefunika ardhi. Maua ya njano. Siemens uzioni. Nimempa salamu.

Machi 6, Jumapili

Ibada ndefu. Helene Siemens alikuwa mbele yangu, amevimba miguu, anapumua kwa shida. Baada ya ibada nikamgusa tumbo. Mtoto amekaa vibaya, kichwa kiko juu. Nikamwambia apumzike, alale ameinua kiuno kila jioni, labda atageuka. "Heinrich ana hofu," akaninong'oneza. "Mke wake wa kwanza alikufa uzazini. Hapendi kusema." Miaka yote hii tunaishi barabara moja na sikujua kwamba alikuwa na mke wa kwanza.

Machi 24

Jasch ametembea, kutoka mguu wa meza mpaka kwa bibi yake. Bibi akasema, "Huyu haendi kwa mtu."

Aprili 12

Nimeng'oa mche wa kwanza, nikautikisa. Zimejaa. Si kama mwaka jana, lakini zimejaa. Mama mkwe akapasua moja kwa meno, akatafuna muda mrefu kama mwonja divai. "Wiki moja zaidi," akasema.

Aprili 20

Tumeanza kung'oa. Maksai watatu wanavuta plau chini ya mizizi, sisi tunafuata tukiinua miche, tunatikisa mchanga, tunaiweka marundo, mizizi juu, ili jua likaushe. Mgongo hauwezi kunyooka tena.

Aprili 21

Tumeng'oa.

Aprili 23

Tumeng'oa. Familia moja ya Waenlhet, wenyeji wa nchi hii, waliopiga kambi kando ya msitu wamekuja kutusaidia. Nawalipa kwa karanga na mtama wa akiba. Mama yao ni mjane pia. Hakuna anayejua lugha ya mwenzake, lakini alionyesha mgongo wake akaonyesha mgongo wangu, tukaelewana.

Aprili 26

Shamba lote limeng'olewa. Marundo yamesimama toka uani mpaka msituni. Yakauke siku chache, kisha ghalani. Familia ile imehamia kwa akina Penner, wana kazi nyingi zaidi. Nimelala leo kama jiwe linavyolala.

Aprili 29

Nitaiandika siku hii yote, hata kama mkono unauma.

Asubuhi hakukuwa na upepo kabisa. Kisha ukaanza wa kusini, baridi, na upande ule mbingu ikawa na mstari mweusi kama ukingo wa sufuria. Kila mtu huku anajua maana yake. Tukafunga maksai kwenye mkokoteni mbio. Tulikuwa tunapakia rundo la kwanza nilipomwona Siemens anavuka barabara. Hakuwa na kofia. Sijawahi kumwona bila kofia nje ya nyumba.

"Helene," akasema. "Tangu jana usiku. Miguu imetangulia."

"Umetuma mtu hospitali?"

"Kijana wa Penner amekwenda na farasi. Hata akiruka, daktari hawezi kufika leo."

Akatazama marundo yangu. Akatazama mbingu. Mtu mwenye akili yake, alijua anachoniomba. Karanga zile ndizo Greta, ndizo Liesbeth. Yeye ndiye aliyeweka sharti. Nilimtazama nikasubiri aseme kitu, aseme tu kwamba lile sharti basi. Hakusema. Nadhani hakuthubutu, ingekuwa kama kuninunua. Alisimama tu, mikono imelegea.

Nitasema kweli: niliwaza kukataa. Niliwaza muda wa pumzi moja.

Mama mkwe akaninyang'anya uma wa kupakilia.

"Nenda," akasema.

"Mama, maksai hawajakuzoea."

"Watanizoea. Nenda, Justina, mtoto hangoji."

Hajawahi kuniita Justina. Siku zote ni "wewe" au "mke wa Gerhard".

Nikaenda.

Helene alikuwa amechoka mno. Nilinawa mpaka viwiko, nikamwinua, nikamkalisha ukingoni mwa kitanda. Kazi ya mtoto wa namna ile ni kujizuia. Ukivuta, umemuua. Miguu ilikuja, ikasimama. Kiwiliwili kikaja, nikakifunika kwa kitambaa cha moto asidhani amefika duniani akavuta pumzi kabla ya wakati. Nje ngurumo ikaanza. Nilisikia upepo unapiga bati, na kila pigo nililiona rundo moja la karanga linakwenda. Helene akauliza, "Dada, karanga zako?" Nikamwambia, "Zina mtu. Wewe sukuma."

Mikono ikatoka, mmoja halafu wa pili. Kichwa kikakataa. Hapo mvua ilishuka, kubwa, hata sikusikia sauti yangu mwenyewe. Nikaingiza kidole nikatafuta mdomo wa mtoto, nikainamisha kidevu kifuani, nikamwambia Helene asukume kwa mara ya mwisho, na kwa kweli ndiyo ilikuwa ya mwisho, kwa sababu alizimia baada yake. Mtoto alikuwa wa bluu na mlegevu. Nikamsugua, nikampulizia. Nikamsugua tena. Nikamwambia kwa sauti, sijui kwa nini, "Umenigharimu sana wewe, huendi popote!" Akakohoa. Akalia.

Mtoto wa kike. Helene amerudiwa na fahamu, damu imekoma.

Nilipofungua mlango Siemens alikuwa amekaa sakafuni kwenye ukumbi, mgongo kwenye ukuta. Alikuwa hapo siku nzima. Nyuma yake, dirishani, niliona shamba lake: marundo yote nje, yamelowa, mengine yanaelea. Hakuwa amehamisha hata moja. Nikamwambia wote wazima. Alifunika uso kwa mikono miwili, akalia kama mtoto mdogo, na mimi nikaondoka ili asione kwamba nimeona.

Nilivuka barabara maji yakifika kwenye vifundo. Nilikuwa nimejiandaa kukuta yote yameharibika. Lakini uani kulikuwa na mikokoteni miwili. Wa pili ulikuwa wa Bernhard Töws. Amekuja na watoto wake wote saba, wamelowa kama panya, wanashusha karanga ghalani kwa mnyororo, kutoka mkono hadi mkono, Greta na Liesbeth katikati yao. Mama mkwe alikuwa juu ya mkokoteni ameshika hatamu, shali imemganda kichwani, anawafokea maksai kwa maneno yale yale aliyowaambia nzige.

"Zangu niliziingiza wiki iliyopita," Töws akaniambia, akionekana mwenye aibu. "Mama Harder alimtuma Greta kwangu na farasi wa kuazima. Na isieleweke vibaya, Dada. Si mambo ya ndoa."

"Sijaelewa vibaya, Ndugu Töws," nikasema, nikaingia katika mnyororo wao.

Marundo ya upande wa msituni hawakuwahi. Yamelowa yote.

Mei 3

Bado mvua. Karanga zilizobaki nje zimeanza kuota, nyingine zina ukungu. Tunaweza kuwapa nguruwe. Za ghalani ni kavu. Ni sehemu kubwa ya mavuno, lakini si yote. Sharti lilisema yote.

Mei 9

Jua. Helene amepona, ananyonyesha. Mtoto ameitwa Justina. Nilimwambia Helene ni jina gumu kubeba.

Mei 14

Siemens amekuja kupima. Aliingia ghalani, akatoka, akaenda shambani akatazama marundo yaliyooza, akarudi.

"Baraza ni Jumamosi ijayo," akasema. "Nitasema nilichokiona. Siwezi kusema uongo, Dada Harder."

"Sijakuomba useme uongo."

"Hujaomba," akasema. "Hujaomba chochote." Alisimama pale akizungusha kofia yake, akaenda. Mama mkwe akataka kumfuata na mwiko. Nilimshika mkono, na hii mara ya kwanza aliniacha nimshike.

Mei 21

Baraza hukaa shuleni. Wanawake hawaingii, lakini mjane huitwa mwishoni kuambiwa. Nilingoja nje na mama mkwe na watoto; nilitaka wawaone watoto wanaowagawa. Waliponiita, niliingia na Jasch kiunoni.

Mkuu wa kijiji, mzee Penner, aliniuliza kwa desturi tu, "Dada Harder, unalo la kusema?" Jibu la desturi ni "Sina."

"Ninalo," nikasema.

Viti vikalia.

"Karanga hazikuingia zote. Kila mtu anajua. Lakini nawaambia mapema, ili msije mkasema sikuwaambia: watoto wangu hawatoki nyumbani. Mkitaka kuwagawa, njooni na mkokoteni, mje mchana, mnikute mlangoni. Sisi hatupigani na mtu, ndivyo tulivyofundishwa. Sitapigana. Nitasimama tu. Mtanipita kwa kuninyanyua mmoja baada ya mwingine, na kila mtu humu ndani atakayeninyanyua nimemzalishia mkewe."

Jasch akavuta ndevu za mzee Penner, aliyekuwa karibu.

Siemens akasimama. Nikafikiri: sasa.

"Mimi ndiye mlezi, nilikwenda kupima," akasema kwa sauti ile ile kavu. "Mavuno ya Dada Harder hayakutimia. Robo imeoza." Akawatazama wenzake. "Mimi ni mwanamume. Nina maksai sita, na kisima kitamu. Zangu zimeoza zote. Kama tunagawa watoto wa watu kwa kipimo cha karanga, ndugu zangu, anzeni na wangu. Wa mwisho ana wiki tatu, hatawasumbua kumbeba."

Akakaa. Hakucheka. Lakini mtu mmoja nyuma alicheka, sauti nene, nadhani Töws, aliyekuja kusikiliza kutoka kijiji chake, kisha mwingine, na mzee Penner akizitoa ndevu zake mkononi mwa Jasch akasema, "Naona basi tumpe Dada Harder msimu mwingine, halafu tuone."

Nje nikawaambia. Liesbeth alinishika sikio palepale, mbele za watu.

"Msimu mmoja!" mama mkwe akasema. "Wametutupia msimu kama mtu anavyomtupia kuku punje."

"Tumeupata, Mama."

"Nimesikia. Nauliza tu, kwa nini mtu aliyetosha mwaka huu atazamwe tena mwaka ujao?" Akamchukua Jasch kutoka kiunoni kwangu. "Haya. Twendeni, ng'ombe hawajakamuliwa."

Mei 30

Baridi ya kwanza asubuhi, nyasi nyeupe. Nimebadilishana siku za kazi na Siemens: yeye ataniazima maksai wawili wa kulimia, mimi na Greta tutamsaidia kung'oa mashina ya pamba yaliyobaki. Alikuja kupanga mambo hayo, akakaa ukingoni mwa kiti kama kawaida yake. Mama mkwe akamsukumia kibuyu cha mate bila kumtazama. Akanywa.

Juni 4

Tunachambua mbegu mezani, Greta, Liesbeth na mimi. Mama mkwe anapitisha kila punje kwenye vidole, asiyoipenda anaitupa kwenye bakuli la nguruwe. Anazitupa nyingi.

"Na mwakani wakija tena, Mama?" Greta akauliza.

Nikafungua kinywa kujibu, mama mkwe akaniwahi.

"Watatukuta shambani," akasema. "Watangoja mpaka tumalize mstari."